Kitabu Kilichokataa Kwisha

Mwaka 1877 Walter Hood Fitch alikosana na Joseph Hooker, mkurugenzi wa Bustani za Kew, akafungasha brashi zake akaondoka. Kwa zaidi ya miaka 40 alikuwa mchoraji wa jarida la Curtis's Botanical Magazine, tangu William Hooker, baba yake Joseph, alipomwibua Glasgow akiwa kijana. Mmea mgeni ulipofika Kew kutoka pembe yoyote ya dunia, Fitch ndiye aliyeitwa auchore, na alikuwa na kipaji cha kuuchora papo hapo juu ya jiwe la kuchapia bila kuanzia kwenye karatasi. Picha zake zilizochapishwa zinakaribia 10,000. Ugomvi ulihusu malipo na heshima, mambo mawili ambayo msanii aliyeajiriwa huambiwa kila mara ayasubiri.

Mwaka huohuo ikatoka London sehemu ya kwanza ya kitabu kikubwa chenye picha za Fitch, A Monograph of the Genus Lilium. Mwandishi wake, Henry John Elwes, alikuwa na umri wa miaka 31 hivi. Wanaokusanya vitabu vya zamani vya bustani hukitaja kwa jina la mwandishi tu: "Elwes." Muuza vitabu akisema amepata Elwes, wenzake hawamuulizi ni kitabu gani; humuuliza kama kimetimia. Swali hilo la pili ndilo gumu, kwa sababu kitabu hiki kilianza kutoka 1877 na waliokiandika hawakumaliza kukiandika hadi miaka mia moja na ushei ilipopita.

Mayungiyungi ya kitabu hicho si yale yanayoelea majini. Ni ya nchi kavu, ya jenasi ya Lilium, yanayochipua kutoka kwenye kitunguu chenye magamba manene kilichojificha ardhini. Kwa asili yako Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini. Kusini mwa Sahara hayaoti porini. Yaliyosogea kusini zaidi yameishia kwenye milima ya Nilgiri huko India na vilima vya Luzon, Ufilipino. Kwa hiyo mtu wa Arusha au Limuru anayeyapanda anapanda mgeni, na hata Mwingereza wa zama za Elwes alikuwa katika hali hiyohiyo. Karibu kila yungiyungi alilolitamani lilimjia kwa meli.

Elwes alikuwa mwenye ardhi kubwa Colesbourne, Gloucestershire, mtu wa umbo kubwa na sauti kubwa zaidi. Alilitumikia jeshi katika kikosi cha Scots Guards, akachoka. Mwaka 1870 alikuwa Sikkim, akisukuma safari kuelekea mpaka wa Tibet. Kabla ya maua alijulikana kwa ndege, na andiko lake juu ya mtawanyiko wa ndege wa Asia lilisomwa na wataalamu. Mwaka 1874, akiwa Uturuki, aliona ua dogo jeupe la majira ya baridi ambalo leo linaitwa Galanthus elwesii. Mtu wa namna hii haandiki kijitabu. Alitaka kila yungiyungi linalojulikana lichorwe kwa ukubwa wake halisi, kutoka kwenye mmea hai pale ilipowezekana, na lipewe maelezo ya kitaalamu. J. G. Baker wa Kew alimsaidia katika upangaji wa majina. Fitch akapewa kazi ya kuchora.

Kitabu kilitoka kwa sehemu 7 kati ya Machi 1877 na Mei 1880, kikiwa na picha 48 za mayungiyungi. Kila picha ilichapwa kwa jiwe, mistari mitupu, kisha wapakaji wakaitia rangi kwa mkono, nakala moja baada ya nyingine. Ndiyo maana nakala mbili za Elwes hazilingani. Rangi ya chungwa ya nakala moja imekolea, ya nyingine imepoa. Mpakaji mmoja alikuwa na subira ya kuweka madoadoa ya petali moja moja, mwenzake aliyapitia haraka. Waliojiandikisha kununua walipokea sehemu hizo zikiwa na majalada ya karatasi, na kila mmoja akajitafutia mjalidi wake. Wapo waliongoja zote 7 zitimie, na wapo waliochoka njiani. Majalada ya karatasi yalitupwa na wengi, maana nani angejua kwamba siku moja yangehesabiwa kuwa sehemu ya thamani?

Kitabu hicho hakikuanzia patupu. Ufaransa ilikuwa na Les Liliacées ya Pierre-Joseph Redouté, juzuu 8 zilizotoka kati ya 1802 na 1816, zenye picha 486. Uzuri wake haubishaniwi, lakini anayelima mayungiyungi hana shida nayo. Redouté aliingiza humo jamaa nzima ya mimea ya vitunguu na majirani zake, na Lilium halisi ni chache mno ndani ya bahari ile. Ni kitabu cha ikulu. Elwes aliandika kitabu cha mtu mwenye udongo kwenye kucha, hata kama bei yake haikuwa ya mtu huyo.

Kilichomchochea yeye na wengine wa kizazi chake ni ua moja. Mwaka 1862 kampuni ya mbegu na miche ya Veitch ilionyesha London yungiyungi lililotoka Japani, Lilium auratum: jeupe, pana kama sahani, lenye mstari wa dhahabu katikati ya kila petali na harufu ya kujaza ukumbi. Watu walipagawa. Vitunguu vikaanza kuja kutoka Yokohama kwa masanduku na masanduku. Daktari mmoja wa Colchester, Alexander Wallace, aliyegeukia biashara ya vitunguu hivyo, alichapisha mwaka 1879 Notes on Lilies and their Culture, mchanganyiko wa maarifa ya kweli na sauti ya mwenye duka. Mimi nakipenda kitabu hicho kwa sababu hiyohiyo. Elwes anakuambia yungiyungi ni lipi. Wallace anakuambia sanduku likifunguliwa bandarini hali huwa gani.

Na hali ilikuwa mbaya. Vitunguu vya auratum viliwasili vimenyauka au vimeanza kuoza. Vilivyopona vilichanua mwaka wa kwanza kwa fahari, mwaka wa pili vikapungua, mwaka wa tatu hapakuwa na kitu. Mwenye bustani alinunua vingine. Kwa miongo kadhaa Waingereza waliyatumia mayungiyungi ya Japani kama maua ya kukata yanayouzwa pamoja na udongo wake, huku kila mmoja akiamini kosa liko kwake: alipanda juu mno, au chini mno, au aliweka samadi mbichi, au alisahau mchanga.

Hapa ndipo Gertrude Jekyll anapoingia, na hapa ndipo ningemshauri mkusanyaji mpya aanzie, si kwa Elwes. Jekyll alikuwa mbunifu wa bustani mwenye macho mabovu na hukumu kali, akiishi Munstead Wood, Surrey. Mwaka 1897 Jumuiya ya Kifalme ya Kilimo cha Bustani ilipotoa kwa mara ya kwanza nishani yake ya heshima ya Victoria kwa watu 60, yeye na Elwes walikuwamo. Mwaka 1901 alitoa Lilies for English Gardens. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ilitokana na taarifa zilizokwisha kuchapishwa katika gazeti la The Garden: watu wenye bustani za aina mbalimbali, wa udongo wa chaki, wa mfinyanzi, wa mboji, walieleza yungiyungi gani liliwakubali na lipi liliwafia. Jekyll alizikusanya, akaongeza sura zake mwenyewe na picha za kamera.

Ukikisoma leo, unaona majibu yakipingana waziwazi. Mmoja anasema Lilium candidum, lile jeupe la Ulaya la tangu kale, hustawi likiachwa bila kuguswa. Mwingine amelihudumia kwa kila namna likakauka. Mmoja anasifia chokaa, jirani yake anailaani. Msomaji wa haraka anaweza kudhani ni fujo, lakini humo ndimo ulimo ukweli ambao Elwes hakuweza kuutoa. Candidum linataka kupandwa juujuu, karibu na uso wa ardhi. Auratum hutoa mizizi pia kwenye shina, juu ya kitunguu, kwa hiyo hutaka kina, na halipatani na chokaa. Watu walikuwa wakitoa ushauri mmoja kwa mimea yenye tabia tofauti. Kitabu cha Jekyll kinakuonyesha watu wazima wakihangaika kulielewa jambo hilo, na hakiwaonei haya. Nakala zake si adimu, na zilizo bora kwangu ni zile ambazo wenyewe wa kwanza waliziandika pembeni kwa penseli.

Wakati huo upande wa pili wa dunia kazi nyingine ilikuwa ikiendelea. Augustine Henry, Mwairishi aliyeajiriwa na idara ya forodha ya China, alipangiwa kituo cha Ichang, kando ya mto Yangtze, mwaka 1882. Kazi ya forodha ilimchosha, akaanza kukusanya mimea na kuipeleka Kew. Kutoka kwenye majabali ya huko lilipatikana yungiyungi la rangi ya chungwa lenye petali zilizojikunja nyuma, ambalo Baker aliliita Lilium henryi mwaka 1888. Halikuwepo katika Elwes, na halikuweza kuwepo; kitabu kilikuwa kimefungwa miaka 8 iliyopita. Lilikuwa pia na sifa ambayo hakuna aliyeitarajia: lilikataa kufa. Lilistahimili chokaa, likastahimili uzembe, likastahimili hata ule ugonjwa usio na jina uliokuwa ukiyamaliza ya Japani. Baadaye Henry na Elwes walikutana katika kazi nyingine, juzuu 7 za The Trees of Great Britain and Ireland, zilizotoka kati ya 1906 na 1913, lakini hayo ni ya wakusanyaji wa vitabu vya miti, na rafu zao ni ndefu kuliko zetu.

Mwaka 1899 kijana aliyeitwa Ernest Henry Wilson alimfuata Henry hadi Simao, Yunnan, kumuuliza habari za mti mmoja ambao Veitch walimtuma akautafute. Henry alimchorea ramani kwenye kipande cha karatasi. Wilson alipofika mahali penyewe alikuta mti umekatwa, na nyumba imejengwa kwa mbao zake. Aliendelea hadi akaipata mingine. Miaka minne baadaye, 1903, katika bonde kavu la mto Min magharibi mwa China, aliliona yungiyungi ambalo lingempatia umaarufu na kumharibu mguu: Lilium regale, jeupe ndani, limepakwa zambarau nje, manjano kooni.

Mwaka 1910 alirudi bondeni humo, safari hii akiwa ametumwa na Arnold Arboretum ya Chuo Kikuu cha Harvard. Alifanya mapatano na wenyeji wamchimbulie vitunguu maelfu mwezi Oktoba, mmea ukiwa umelala. Akiwa njiani kurudi Chengdu, amebebwa kwenye kiti cha machela katika njia nyembamba iliyochongwa ubavuni mwa mlima, mbwa wake alisita ghafla, na mara mawe yakaanza kuporomoka. Kiti kilisukumwa mtoni. Wilson aliwahi kuruka, lakini jiwe lilimvunja mguu wa kulia. Mguu ulifungwa kwa miguu ya kamera yake kama banzi. Wakati huohuo msafara wa nyumbu karibu 50 ukawa unakuja na njia haina nafasi ya kupishana, na mawe bado yanaanguka. Ilibidi alale chini kukatiza njia, nyumbu wakapita juu yake mmoja mmoja. Hakuna aliyemkanyaga. Ilichukua siku 3 kumfikisha Chengdu, jeraha likaingia uchafu, na nusura mguu ukatwe. Ulipona ukiwa mfupi kuliko mwenzake. Alichechemea hadi mwisho wa maisha yake.

Vitunguu, kati ya 6,000 na 7,000, vilifika Boston salama mwaka 1911. Kila kimoja kilikuwa kimepakwa udongo wa mfinyanzi na kufungashwa katika mkaa. Zaidi ya hayo, regale lilionekana kuwa rahisi kuoteshwa kwa mbegu, na miche yake huchanua baada ya miaka 2 au 3. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kuwa na yungiyungi la fahari bila kungoja sanduku la Yokohama.

Mwaka 1925 Wilson alichapisha The Lilies of Eastern Asia. Kwa mkusanyaji anayesoma, si anayepamba ukuta, hiki ndicho kitabu cha pili baada ya Jekyll. Picha zake ni za kamera, hazina rangi, na ukikiweka kando ya Elwes kinaonekana masikini. Lakini mwandishi alikuwa ameyaona mengi ya mayungiyungi hayo yakiwa kwao, akajua yanasimama kwenye mteremko gani, kati ya majani gani, juu ya mwamba wa aina gani. Jambo aliloliona Wilson likawa dawa kwa bustani za Ulaya: mengi ya mayungiyungi hayo hayaoti peke yake kwenye udongo mtupu, bali hukua kati ya nyasi na vichaka vinavyokifunika kitunguu kivuli huku maua yakipata jua. Kati ya 1920 na 1922 safari zake za kutazama bustani na misitu zilimpitisha India, Kenya na kusini mwa Afrika, lakini mayungiyungi aliyaacha Asia. Yeye na mkewe walifariki kwa ajali ya gari huko Massachusetts mwezi Oktoba 1930. Augustine Henry alikuwa ametangulia miezi michache kabla yake.

Jibu la fumbo la auratum lilikuja mwishoni mwa miaka ya 1920, kutoka maabara. Mimea ilikuwa ikiuawa na virusi vinavyoenezwa na vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa machipukizi. Virusi hukaa ndani ya kitunguu, na kila kitunguu kinachogawanywa huvirithi. Mbegu kwa kawaida hazivibebi. Kwa hiyo yule mwenye bustani aliyejilaumu kwa samadi alikuwa amenunua mgonjwa, na kila alipomnunulia mwenzake alileta maradhi nyumbani upya. Lilium henryi lilipona kwa sababu linavihimili virusi hivyo, si kwa sababu ya chokaa.

Ukivipanga vitabu vya mayungiyungi kwa miaka, mpasuko unauona kwa macho. Kabla ya hapo, sura ndefu ni ya udongo. Baada ya hapo sura ya mbegu inanenepa, na ya maradhi inazaliwa. Amerika Kaskazini ilishika upande huo mapema: Helen Morgenthau Fox alitoa Garden Cinderellas mwaka 1928, na mwaka uliofuata Isabella Preston, aliyekuwa akichavusha na kuzalisha aina mpya kwenye shamba la majaribio la serikali huko Ottawa, akatoa Garden Lilies. George Slate wa kituo cha utafiti cha Geneva, New York, akafuata 1939 na Lilies for American Gardens. Wakusanyaji wa Uingereza huwa wanavidharau vitabu hivi vya ng'ambo kwa kukosa picha za kupakwa rangi. Dharau hiyo huwapunguzia bei wanunuzi wengine, kwa hiyo tusiitibu.

Na Elwes je? Alifariki Novemba 1922, mayungiyungi mapya yakiwa yamerundikana nje ya kitabu chake. Katika uzee wake alikuwa amemwajiri mchoraji Lilian Snelling achore mimea ya Colesbourne, na aliyerithi mzigo wa kuliendeleza jambo ni Arthur Grove, mlimaji aliyekwisha andika kijitabu chake, Lilies, mwaka 1911. Grove aliungana na Arthur Disbrowe Cotton, mlezi wa hifadhi ya mimea mikavu ya Kew. Nyongeza ilianza kutoka 1933, kwa ukubwa uleule wa karatasi na kwa utaratibu uleule wa zamani: picha ya jiwe, rangi ya mkono. Mchoraji alikuwa Snelling, ambaye sasa alikuwa ameketi kwenye kiti cha Fitch katika Curtis's Botanical Magazine. Hadi 1940 zilikuwa zimetoka sehemu 7 zenye picha 30.

Nikiambiwa nichague kati ya Fitch na Snelling, namchukua Snelling. Fitch ana nguvu. Mstari wake unakwenda bila kusita, na yungiyungi lake linasimama kama limeamrishwa. Snelling ana macho. Petali yake ina unene, na unajua upande upi unateleza na upi una vinyweleo. Wauzaji wengi huweka Fitch mbele kwa sababu ya umri, na umri ni hoja ya muuzaji.

Cotton anastahili neno kwa wasomaji wa pande zetu. Mwaka 1929 alipanda Kilimanjaro kuchunguza mimea yake, na ile senesio ndefu ya juu kabisa, inayofanana na mtu aliyevaa kanzu akisimama ukunguni, ina jina lake hadi leo: cottonii. Aliyeshiriki kutaja mayungiyungi ya Yunnan alikuwa na matope ya Kibo kwenye viatu.

Miaka hiyo ya 1930 ilikuwa kilele cha wazimu huu. Jumuiya ya Kifalme ilianzisha kitabu cha mwaka cha mayungiyungi, Lily Year Book, 1932, na mwaka uliofuata ikaitisha mkutano mkubwa. Mwaka huohuo, 1933, maktaba yake ya Lindley ilimwajiri mtunzaji mpya wa vitabu, William Stearn, kijana wa miaka 22 asiye na shahada. Elimu yake ilitoka katika duka la vitabu la Bowes & Bowes mjini Cambridge, alikofanya kazi mchana huku akisoma mimea kwa muda wake mwenyewe. Maktaba aliyokabidhiwa ilikuwa na kovu. Mwaka 1859 jumuiya, ikiwa imezama katika madeni, iliuza vitabu vyake mnadani. Ilianza upya kwa kununua vitabu vya John Lindley, katibu wake wa miaka mingi aliyefariki 1865, na safari hii vikawekwa chini ya wadhamini ili visiuzwe tena kulipa deni la mtu.

Stearn alikuwa mkusanyaji kwa namna ambayo wenye fedha hawaiwezi. Alichokusanya ni tarehe. Kitabu kilichotoka kwa sehemu kinaweza kuwa na mwaka mmoja kwenye ukurasa wa jina na mwaka mwingine wa kweli kwa kila sehemu, na katika majina ya mimea aliyetangulia kuchapisha ndiye mwenye haki. Yale majalada ya karatasi yaliyotupwa na wajalidi ndiyo yenye ushahidi. Mwaka 1950 Stearn na H. Drysdale Woodcock, mwanasheria mpenda mayungiyungi, walitoa Lilies of the World, kitabu kinene kisicho na madoido, ambacho kwa miaka mingi mlimaji makini alikuwa nacho hata kama hana kingine.

Vita vilikata mambo mengi. Grove alifariki 1942. Nyongeza ililala miaka 20, hadi William Turrill, aliyemfuata Cotton kama mlezi wa hifadhi ya Kew, alipotoa sehemu ya 8 mwaka 1960 kwa picha za Margaret Stones, Mwaustralia. Turrill alifariki mwishoni mwa 1961. Sehemu ya 9 ikatoka 1962.

Aliyebaki kukusanya yote pamoja alikuwa Patrick Synge, mhariri wa jarida la Jumuiya ya Kifalme kwa robo karne. Naye pia alikuwa na Afrika Mashariki ndani yake: mwaka 1934 na 1935 alikuwa mtaalamu wa mimea katika msafara wa Makumbusho ya Uingereza kwenye Ruwenzori, na mwaka 1937 akaandika Mountains of the Moon, kuhusu lobelia na senesio za ajabu za milima ya Uganda na Kenya. Kitabu hicho huuzwa katika meza ya vitabu vya safari, mbali na bustani, kwa hiyo mkusanyaji wa mayungiyungi asiyezunguka duka zima hukikosa. Jirani yake mezani huweza kuwa Gardening in East Africa, kilichohaririwa na daktari wa Nairobi, A. J. Jex-Blake, na kutoka mara ya kwanza 1934, chenye maarifa ya kulima maua katika nchi isiyo na majira ya baridi. Kitunguu kinachohitaji baridi ili kilale ni mtihani Nairobi, na kitabu kama hicho kina faida kwetu kuliko Elwes watatu.

Mwaka 1980, miaka 100 kamili baada ya sehemu ya mwisho ya Elwes, Synge alichapisha Lilies, marekebisho ya kitabu cha Elwes na nyongeza zake zote katika juzuu moja. Alifariki 1982. Leo Elwes ya kwanza inasomeka bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Biodiversity Heritage Library, picha zote, na hilo limewapunguzia visingizio wale wanaochana nakala nzima ili wauze picha moja moja zenye fremu. Hawajaacha. Picha moja ya ukutani hupata mnunuzi haraka kuliko kitabu kizima, na mwenye duka ana kodi ya kulipa. Lakini kila nakala inayochanwa huondoa maandishi ambayo hakuna anayeyawekea fremu, na humo ndimo Elwes alimoeleza nani alimtumia kitunguu, kutoka wapi, na kilifanyaje.

Anayetaka kuwa na kitabu kizima sasa ana orodha yake: Elwes wa 1877 hadi 1880, Grove na Cotton sehemu 7, Turrill sehemu 2, Synge mmoja. Wajalidi wameichanganya kila namna. Zipo nakala ambazo picha za Snelling zimeunganishwa na za Fitch kwa kufuata alfabeti. Kisha kuna wataalamu wa mimea. Yungiyungi kubwa la Himalaya, ambalo Elwes aliliingiza kwa fahari kama Lilium giganteum, limehamishiwa jenasi nyingine, Cardiocrinum. Na Nomocharis, iliyojitegemea tangu 1889, ilipopimwa vinasaba ilikutwa imekaa katikati ya Lilium yenyewe, na wataalamu wamekwisha kuihamishia humo. Wakusanyaji waliokuwa wamefunga rafu wameanza kuulizia kila makala ya zamani yenye picha ya Nomocharis, na bei yake imeanza kujua kwamba inaulizwa.